Mzee wetu yuko nyumba ya wazee Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu matunzo na usalama wake

Maswali haya nimeulizwa harusini, matangani, nje ya kanisa na nje ya msikiti, na mara nyingi zaidi kwa simu, usiku, na mtu anayenong'ona akiwa ndani ya gari. Mimi ni CNA, muuguzi msaidizi. Nusu ya Waafrika Mashariki ninaowajua huku wameipitia kazi hii wakielekea kwingine; mimi nilibaki. Ninazungumzia nyumba za wazee zenye wauguzi usiku na mchana, zile zinazopokea fedha za Medicare (bima ya serikali ya wazee) na Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) na kwa hiyo kubanwa na sheria ya serikali kuu. Jimbo lako linaweza kuwa na masharti yake ya ziada.

Kumpeleka mzazi nyumba ya wazee si kumtupa?

Sijakutana na familia ya kwetu isiyoanzia hapa, hata inapojifanya inauliza habari za bima. Mama amepata kiharusi, upande mmoja hauna nguvu, kumwinua kunataka watu wawili, na mchana nyumbani hakuna mtu kwa kuwa kodi inalipwa kwa zamu mbili. Kisumu, Moshi au Uvira angekuwapo mpwa, jirani, dada wa kazi. Huku hayupo. Wanaokusema vibaya kutoka nyumbani hawajawahi kumgeuza mtu wa kilo tisini peke yao saa tisa za usiku.

Kinachoniogopesha mimi ni aibu yenyewe. Mwenye aibu haji. Au huja Jumapili saa nane mchana, anakaa dakika ishirini, haulizi kitu, anatoka akifuta machozi. Na sisi wahudumu tunajua ni vitanda gani havina mgeni. Usiku mmoja nilikuwa na wazee kumi na wanane na kengele nne zinalia kwa pamoja. Nilikwenda kwanza chumba ambacho binti wa mzee huwa anatokea bila taarifa. Sikupanga hivyo, miguu ilinipeleka. Naandika hili bila kujivunia, maana karibu kila jibu lililo chini linatokana nalo.

Nyumba ya wazee ni sawa na zile nyumba ndogo zinazoendeshwa na Wakenya?

Hapana. Jimbo la Washington, kwa mfano, lina nyumba za familia za watu sita hivi, na wenzetu wengi kutoka Afrika Mashariki wanazimiliki. Nyingine ni nzuri kuliko majengo makubwa yenye zulia. Lakini leseni na ukaguzi wake ni wa jimbo. Haki nyingi za shirikisho nitakazozitaja hapa hazizigusi. Ukiambiwa "hii ni kama nyumba ya wazee tu", uliza leseni ni ya aina gani na ukaguzi wa mwisho ulifanywa lini.

Nyota tano zinatosha kutuhakikishia?

Zinasaidia, ukijua zimetoka wapi. CMS, idara inayosimamia Medicare na Medicaid, imekuwa ikizigawa nyota hizi, moja hadi tano, tangu 2008. Zimejengwa juu ya mambo matatu. La kwanza ni ukaguzi: wakaguzi wa jimbo huja bila hodi, na muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine haupaswi kuzidi miezi 15. La pili ni saa za wahudumu, na hizi siku hizi hutokana na kumbukumbu za mishahara, kwa hiyo kuzichakachua si rahisi. La tatu ni vipimo vya ubora, ambavyo sehemu kubwa hutoka kwenye fomu zinazojazwa na nyumba yenyewe. Mwanafunzi akijisahihishia mtihani, unajua matokeo yatakavyokuwa.

Kwa hiyo ukiona nyumba ina nyota tano za ubora lakini mbili za ukaguzi na mbili za wahudumu, amini zile mbili-mbili. Tena nyota za ukaguzi hupimwa ndani ya jimbo moja: asilimia 10 ya juu hupata tano, asilimia 20 ya chini hupata moja. Nyumba ya Minnesota huwezi kuilinganisha kwa nyota hizo na ya Texas. Na ukiona karibu na jina alama nyekundu yenye kiganja, ujue nyumba hiyo ilikutwa na kosa la unyanyasaji. Alama hiyo ilianza 2019.

Kilicho bora kuliko nyota ni ripoti yenyewe ya ukaguzi. Sheria inaitaka nyumba iweke ripoti ya karibuni mahali ambapo mtu anaweza kuichukua bila kuomba, na ikupe za miaka mitatu iliyopita ukizidai. Kwa kawaida ni faili karibu na mapokezi, limesukumwa nyuma ya chungu cha maua. Kila kosa limepewa herufi, A hadi L. Usishtuke ukiona D na E. Karibu kila nyumba inazo. Kuanzia G kuna mtu aliyeumia kweli. J, K na L maana yake ni hatari kubwa ya papo hapo, ya kuumia vibaya au kufa.

Tukienda kuitazama nyumba, tutazame nini?

Usiende kwa miadi tu. Atakayekutembeza ni mtu wa masoko, na atakuonyesha chumba cha mazoezi na saluni. Mshukuru, kisha rudi Jumamosi jioni.

Simama kwenye korido uhesabu. Taa ya kengele juu ya mlango ikiwaka, inachukua dakika ngapi kuzimwa? Na aliyeizima alifanya kazi, au alisema "nakuja" akaondoka? Hilo la pili ni ugonjwa wa nyumba yenye watu wachache. Tazama midomo ya wazee: iliyokauka na kupasuka inakwambia maji hayafikiwi. Tazama kikombe kipo wapi. Nimeona kikombe kimejazwa vizuri na barafu, kimewekwa mezani upande wa mkono uliopooza. Tazama kucha. Harufu ya mkojo saa mbili asubuhi si habari, watu ndiyo wanaamshwa; harufu ya mkojo wa zamani uliokolea kwenye zulia ni habari.

Tafuta karatasi ya idadi ya wahudumu. Nyumba inalazimika kubandika kila siku, zamu kwa zamu, wauguzi na CNA waliopo na idadi ya wakazi. Ikiwa tarehe yake ni ya juzi, umeshajibiwa.

Halafu muulize CNA, siyo meneja, maswali mawili: una miaka mingapi hapa, na leo una wazee wangapi. Nyumba ambayo kila CNA ana wiki tatu haina mtu anayejua kwamba babu yako hukohoa kabla ya kupaliwa.

Sheria inataka wahudumu wangapi?

Wachache kuliko unavyodhani. Sheria kubwa ya nyumba hizi ilipitishwa 1987, baada ya ripoti ya mwaka uliotangulia ya Taasisi ya Tiba kueleza hali mbaya ya wazee, na ndiyo iliyoleta haki za wakazi, mpango wa matunzo, na mafunzo ya CNA ya saa zisizopungua 75. Kuhusu idadi, inataka RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, saa 8 kwa siku, siku zote saba, muuguzi mwenye leseni wakati wote, na wahudumu "wa kutosha". Ndani ya neno hilo pananing'inia kila kitu.

Mwaka 2024 CMS ilitoa kanuni ya angalau saa 3.48 za matunzo kwa kila mkazi kwa siku. Wenye nyumba wakaenda mahakamani, na Aprili 2025 jaji wa shirikisho huko Texas akaifuta. Baadhi ya majimbo yana kiwango chao. Kwingine unabaki na macho yako na ile karatasi ya ukutani.

Wiki ya kwanza tufanye nini?

Nyumba inapaswa kuwa na mpango wa awali wa matunzo ndani ya saa 48, tathmini kamili ndani ya siku 14, na mpango kamili siku 7 baada ya tathmini. Mna haki ya kuwapo kwenye mkutano wa kuuandaa, hata kwa simu. Nendeni. Wengi wetu tunaruka mkutano huu kwa sababu umewekwa Jumanne saa nne asubuhi; ombeni saa nyingine.

Mkifika, semeni mambo ambayo hakuna fomu itakayoyauliza. Kwamba mzee hataogeshwa na msichana. Kwamba anatawadha kabla ya sala na anahitaji maji, na karatasi ya chooni peke yake haitoshi. Kwamba haitwi kwa jina lake la kwanza na kijana wa miaka ishirini. Ni Baba Fulani, au Mzee. Nilimhudumia mzee mmoja wa pwani ambaye kiharusi kilimchukua mkono wa kulia. Sahani ikaja, yeye akageuza uso. Siku nne kwenye faili lake kuliandikwa "amekataa chakula". Hakukataa chakula, alikataa kula kwa mkono wa kushoto mbele za watu. Mjukuu wake alipokuja kumlisha, alimaliza sahani. Lingeandikwa siku ya kwanza, asingepoteza kilo hata moja.

Hajui Kiingereza. Nani atamsikiliza?

Ana haki ya mkalimani, bure. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na ile ya bima ya afya ya 2010 zinazibana taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu. Katika nyumba nyingi mkalimani ni wa simu au tableti, na wahudumu huona uvivu kuipiga. Dai iandikwe kwenye mpango wa matunzo kwamba habari za dawa, maumivu na ridhaa hupitia kwa mkalimani. Msimtumie mtoto wa miaka kumi kumweleza bibi kuhusu kibofu chake.

Taja lugha sawasawa. Kiswahili cha Bukavu na cha Unguja ni kimoja, lakini bibi mgonjwa, kwa simu mbovu, anaweza asimwelewe mkalimani wa Unguja. Tena wenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi hurudi kwenye lugha ya utotoni. Mwalimu aliyefundisha kwa Kiingereza miaka thelathini anaweza kubaki na Kikamba tupu. Ikiwa ndivyo, agizeni Kikamba.

Na bandikeni karatasi ukutani karibu na kitanda: maji, naumwa, choo, baridi, nimeshiba. Kiswahili upande mmoja, matamshi yake kwa mhudumu upande wa pili. Neno "naumwa" peke yake limewaokoa wengi, kwa sababu mzee anayepiga kelele kwa lugha isiyojulikana huandikwa kwamba "ana fujo", na dawa ya fujo tutaifikia hapa chini.

Amepata kidonda cha kulalia. Ni kosa la nani?

Hili nitalisema kwa urefu, maana ndilo linaloua kimya kimya na ndilo linalotuhusu sisi zaidi.

Kidonda cha kulalia huanza mfupa unapokandamiza ngozi dhidi ya godoro au kiti hadi damu isipite. Mahali pake panajulikana: juu ya makalio kwenye mfupa wa kiuno, nyonga, visigino, viwiko, kisogo, na nyuma ya sikio kama ana mpira wa oksijeni. Unyevu wa pampasi iliyokaa muda mrefu hulainisha ngozi, na kumburuta juu ya shuka badala ya kumwinua huichubua. Kuna hatua nne. Ya kwanza ngozi haijapasuka. Ya pili imechubuka au ina lengelenge. Ya tatu shimo limefika kwenye mafuta, na ya nne limefika kwenye msuli au mfupa.

Sasa, darasani tulifundishwa kwamba hatua ya kwanza ni wekundu usiopotea ukibonyeza. Ngozi ya mama yako haitakuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi mahali hapo huonekana peusi zaidi au pa zambarau kuliko panapopazunguka, pengine hapana tofauti ya rangi kabisa. Kwa hiyo tumia mkono: pana joto au ubaridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelegea kama tunda lililoiva mno? Anashtuka ukipagusa? Nimewaona wahudumu wazuri, wenye nia njema, wakipitisha macho juu ya kisigino cheusi na kuandika "ngozi salama", na kesho yake pakafunguka. Muulize muuguzi waziwazi: mnakaguaje ngozi nyeusi? Jibu lake litakufundisha mengi.

Kosa ni la nani? Sheria inasema mtu aliyeingia bila kidonda asikipate, isipokuwa hali yake ya mwili ilikifanya kisiepukike. Kwa anayekaribia kufa, damu imeacha kufika kwenye ngozi, wakati mwingine kweli hakiepukiki. Lakini nyumba lazima ionyeshe ilifanya nini: ratiba ya kumgeuza (desturi ni kila saa mbili, ingawa mwingine anahitaji mapema zaidi), visigino kuinuliwa hewani kwa mto chini ya mashavu ya miguu, godoro la kupunguza mkandamizo, chakula chenye protini. Omba kuona kidonda kikifunguliwa. Omba vipimo vyake vya kila wiki, urefu, upana na kina. Ratiba iliyojazwa kila saa mbili kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, zamu tatu mfululizo, nadhani sihitaji kukueleza.

Ameanguka. Kwa nini tumeambiwa kesho yake?

Hamkupaswa kuambiwa kesho yake. Akiumia kiasi cha kuweza kumhitaji daktari, familia au mwakilishi huarifiwa mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Waambie kwa maandishi kwamba mnataka kuamshwa.

Ulizeni nani alimwona akianguka. Kama hakuna, basi hakuna ajuaye kama alipiga kichwa, na anapaswa kuangaliwa fahamu zake mara kwa mara kwa siku mbili tatu, hasa akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kisha ulizeni alikuwa anakwenda wapi. Mara nyingi alikuwa anakwenda chooni, baada ya kengele kulia bila jibu. Dawa ya kuanguka huko ni kumpeleka choo kabla hajaomba. Kumfunga kwenye kiti hapana: sheria ya 1987 inakataza kumfunga mtu kwa urahisi wa wahudumu au kwa kumwadhibu. Vyuma vya pembeni mwa kitanda navyo si salama kama vinavyoonekana. Wazee hujibana katikati yake na godoro, na wengine wamekufa hivyo.

Tangu aingie analala kutwa. Ni uzee?

Omba orodha ya dawa leo. Tafuta haloperidol, quetiapine, risperidone, olanzapine. Hizi ni dawa za magonjwa ya akili kama skizofrenia. Mwaka 2005 FDA, idara ya dawa ya Marekani, iliweka onyo lake kali kuliko yote kwa kundi jipya la dawa hizi, kwamba zinaongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, na 2008 onyo hilo likapanuliwa kwa zile za zamani. Bado hutolewa, kwa sababu mzee aliyelala hapigi kengele.

Mna haki ya kuelezwa dawa ni ya nini, hatari yake, na njia nyingine iliyojaribiwa kwanza. Mna haki ya kuikataa. Ikiwa ya "inapohitajika", agizo lake halidumu zaidi ya siku 14 bila daktari kumwona upya. Lakini usizikatize ghafla mwenyewe. Sema zipunguzwe taratibu.

Na kabla ya kulaumu dawa, uliza kama amepimwa mkojo, kama anakunywa maji, na kama anaumwa mahali ambapo hana Kiingereza cha kupataja.

Amekonda. Tunaruhusiwa kumpelekea ugali?

Kukonda kuna namba zake: asilimia 5 ya uzito kwa mwezi mmoja, 7.5 kwa miezi mitatu, 10 kwa miezi sita. Ikifika hapo inahesabiwa kuwa kubwa. Omba uzito wa kila mwezi na upige hesabu mwenyewe. Kilo 60 zikawa 57 ndani ya mwezi, hapo hapo ni asilimia 5.

Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, na nyumba lazima iwe na utaratibu wa kukipokea na kukihifadhi. Ila pita kwa muuguzi kwanza. Baada ya kiharusi wengi hawamezi vizuri. Tonge la ugali na mchuzi mwepesi vyaweza kuingia mapafuni. Kama anapewa vinywaji vilivyofanywa vizito ili visimpalie, chai yako ya tangawizi nayo ifanywe nzito. Mtaalamu wa kumeza akimpima, mpeni ale mbele yake chakula anachokijua. Uji mzito hupita pale ambapo jeli ya kijani imeshindwa, nimeona mara nyingi.

Tukishuku anapigwa au kuibiwa?

Kama yuko hatarini sasa hivi, piga 911. Michubuko yenye umbo la vidole kwenye mikono, kuogopa mhudumu mmoja, pete iliyopotea, akaunti iliyopungua: piga picha, andika tarehe na saa, nani alikuwa zamu. Nyumba ikipokea madai ya unyanyasaji, ina saa mbili za kuyaripoti kwa jimbo, na siku tano za kazi kutoa matokeo ya uchunguzi wake. Nawe ripoti mwenyewe kwa idara ya jimbo inayokagua nyumba hizo, usingoje wajichunguze.

Kuna pia ombudsmani wa matunzo ya muda mrefu, mtetezi wa wakazi, aliyepo katika kila jimbo, halipwi na nyumba na huduma yake ni bure. Simu yake lazima ibandikwe ndani ya jengo. Mkiikosa, Eldercare Locator, 1-800-677-1116, watawaelekeza. Haendi popote na siri ya mkazi bila ridhaa ya mkazi.

Tukilalamika, hawatamlipizia mama?

Sheria inakataza, na kila nyumba lazima iwe na afisa wa malalamiko anayejibu kwa maandishi ukiomba. Najua sheria na maisha ni vitu viwili. Ninachokiona ni kwamba anayelalamika kwa upole, kwa maandishi, kwa jambo moja lililo wazi ("Jumatatu tarehe 3, saa mbili hadi saa sita, hakubadilishwa"), huheshimiwa. Anayepayuka koridoni kwa kila mtu huepukwa, na mama yake huepukwa naye. Msiwatukane CNA, mara nyingi naye anajua na hana wa kumsaidia. Mnaweza pia kuungana na familia nyingine. Baraza la familia ni haki, na nyumba lazima iwape chumba.

Tuweke kamera?

Inategemea jimbo. Texas iliruhusu kwa sheria 2001 na mengine yakafuata, kila moja na fomu zake. Kama chumba ni cha wawili, ridhaa ya yule wa pili inahitajika. Kamera iliyofichwa bila kusoma sheria ya jimbo inaweza kuwageukia nyie.

Wanaweza kumtoa?

Kwa sababu chache tu, kama kutolipa, kuhatarisha wengine, au nyumba kushindwa kumhudumia, na kwa kawaida kwa notisi ya siku 30 ambayo unaweza kuikatia rufaa. Medicare kuisha si notisi. Yenyewe hulipa hadi siku 100 za matibabu ya kumrudishia mtu nguvu, 20 za kwanza bila mchango wako. Kisha ni Medicaid au mfukoni.

Karatasi za kuingilia, tusaini zote?

Mbili zisome mara mbili. Nyumba hairuhusiwi kukulazimisha wewe mtoto uwe mdhamini wa deni kwa mali yako. Ukisaini kwa niaba ya mzazi, andika hivyo kando ya sahihi. Na mkataba wa usuluhishi, unaokuondolea haki ya kwenda mahakamani, si sharti la kupokelewa. Umeshausaini? Una siku 30 za kujitoa.

Maambukizi je, baada ya yale ya korona?

Februari 2020 mlipuko wa kwanza uliojulikana katika nyumba za wazee za Marekani ulikuwa Kirkland, Washington. Machi milango ikafungwa kwa familia, na ruhusa kamili ya kutembelea ilirudi Novemba 2021. Wengi wetu tuliofanya kazi miezi ile hatukuhitaji utafiti kutuambia nini hutokea ndugu wasipoingia: nywele, kucha, uzito, visigino.

Leo tazama mikono. Mhudumu anaingia na glavu alizovaa chumba kingine? Mkazi akiwa na kuhara kwa C. diff, bakteria wa tumboni, jeli ya kuua vijidudu haitoshi, ni sabuni na maji, na wewe pia unapotoka. Chanjo ya mafua na ya nimonia lazima wapewe nafasi ya kuipata. Ukiwa na mafua, baki nyumbani.

Umeme ukikatika?

Uliza jenereta inaendesha nini. Mwaka 2017, baada ya Kimbunga Irma, nyumba moja huko Hollywood, Florida, ilibaki bila kiyoyozi; wakazi 12 walikufa, na hospitali ilikuwa jirani kabisa.

Mimi mwenyewe ni CNA na ninayaona haya kazini. Nifanyeje?

Unajua tayari kwamba ukishuku uhalifu unalazimika wewe mwenyewe kuripoti, kwa polisi na kwa jimbo: saa mbili kama mtu ameumia vibaya, saa 24 vinginevyo. Kumwambia msimamizi peke yake hakukutoi. Kulipiziwa kwa kuripoti kumekatazwa. Hofu ya karatasi za uhamiaji naielewa. Ombudsmani hupokea taarifa bila jina. Na usijaze ratiba ya kumgeuza mtu usiyemgeuza. Andika "sikuweza, tulikuwa wawili". Karatasi hiyo itakulinda siku wakaguzi watakapofika.

Tuje mara ngapi?

Mara chache zisizotabirika zinashinda kila Jumapili saa nane. Njoo wakati wa chakula cha jioni. Njoo zamu zinapobadilishana, saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, saa tano usiku. Mkazi ana haki ya wageni saa anayotaka yeye, ilimradi mwenzake wa chumbani asisumbuliwe. Mliotawanyika majimbo matatu, pangeni zamu kwenye kundi la WhatsApp, na aliyeko Nairobi apige simu ya video saa ambayo mhudumu anamlisha. Atakayefika asikae kitini na simu mkononi. Achukue mafuta, amvue soksi, ampake miguu, na akifika kwenye visigino aviguse vizuri, kimoja kwa kimoja.